Uwanja wa Umma Una Mwenyewe



Ukitoka Mbagala kuelekea Kongowe, au ukipita Goba na Madale mpaka Bunju, utaona ng'ombe. Wengine wamefungwa kamba chini ya nyaya za umeme. Wengine wanakwenda kando ya barabara, na nyuma yao mtoto ameshika fimbo. Wengine wamesimama katikati ya uwanja wa mpira, wanakula bila haraka. Baada ya mvua za masika nyasi za huko ni nzuri sana, tena hazikupandwa na mtu. Basi mwenye ng'ombe hujiambia, "Hapa ni pa umma, na mimi ni umma."

Leo tutaisoma sentensi hiyo moja. Imewafikisha wafugaji wengi polisi na mahakamani, na wengine imewamalizia zizi.

Ng'ombe hawakuingia Dar es Salaam jana. Katika miaka ya 1980, mishahara iliposhindwa kulisha nyumba, watumishi wengi wa mjini walianza kufuga ng'ombe wawili au watatu wa maziwa. Walifuga walimu, wauguzi, makarani, hata wakubwa wa ofisi. Maziwa yalilipa ada na kununua unga. Pembeni mwa mji hali ilikuwa nyingine. Huko palikuwa vijijini. Gezaulole, kwa mfano, ilikuwa kijiji cha ujamaa tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Mtu alifunga mbuzi wake alipotaka, mradi hakugusa shamba la jirani.

Kisha mji ukaja. Mwaka 2002 ulianza Mradi wa Viwanja 20,000, na wapimaji wakaweka mawe yao Kibada, Toangoma, Gezaulole, Bunju, Mbweni na kwingineko. Mahali palipoitwa kijiji pakaitwa mtaa. Goba leo iko Wilaya ya Ubungo na Gezaulole iko Kigamboni, ingawa wazee bado husema Kinondoni na Temeke kama walivyozoea. Mabadiliko haya ya jina si mchezo. Yamebadilisha pia nani mwenye amri juu ya ardhi. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Tuangalie sheria. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo, zimegawa ardhi ya Tanzania Bara katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji, na ardhi ya hifadhi. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Lakini kila fungu lina msimamizi wake.

Kama unakaa kijijini, msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji. Mkutano Mkuu wa Kijiji ukikubali, kijiji kinaweza kutenga eneo la malisho la wote. Eneo hilo likishatengwa na kuandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, mfugaji wa kijiji hicho ana mahali pa kusimama. Kijiji kinaweza pia kutunga sheria ndogo zake, zikaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya.

Mtaani si hivyo. Mwenyekiti wa Mtaa hagawi ardhi. Kamati ya Mtaa haitungi sheria ndogo. Ardhi ya mji iko chini ya halmashauri ya manispaa au ya jiji, na sheria ndogo hutungwa na baraza la madiwani, zikakubaliwa na Waziri, kisha zikatangazwa katika Gazeti la Serikali. Hata ile nyasi iliyo chini ya nyaya ina msimamizi, nayo ni TANESCO. Nyasi ya kando ya reli ni ya shirika la reli. Eneo la barabara kuu na barabara za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, nalo lina wakala wake. Uwanja wa shule uko chini ya shule na halmashauri. Kando ya mito kama Msimbazi na Kizinga, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 zinazoweza kuharibu maji. Kizinga si mto wa kuchezea. Maji yake husafishwa Mtoni na kunywewa mjini.

Misitu ina ulinzi mkali zaidi. Kwenye mnada wa Pugu hufika ng'ombe kutoka bara, wakisubiri kuuzwa na kupelekwa machinjioni. Jirani kuna msitu wa hifadhi wa Pugu. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, inasema kulisha mifugo ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa. Mchungaji mgeni hawezi kuujua mpaka kwa kutazama miti tu, kwani miti ya ndani na ya nje inafanana. Lazima aulize.

Basi, "pa umma" maana yake si "pasipo mwenyewe". Maana yake mwenyewe ni sisi sote, na tumemweka mtu wa kutushikia ufunguo.

Sasa tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yake hutokea.

Mzee mmoja wa pembeni mwa Temeke ana ng'ombe sita. Mjukuu wake anawachunga kwenye eneo la wazi lililotengwa kwa shule ambayo bado haijajengwa. Karibu na hapo, chini ya nyaya za umeme, mama mmoja amelima matuta ya mchicha na matembele. Siku moja mjukuu anakwenda kunywa maji. Anaporudi, matuta kumi na mawili yamebaki udongo mtupu. Mama analia. Mgambo wanafika, wanawaswaga ng'ombe wote mpaka ofisi ya kata. Jioni mzee anaitwa.

"Shikamoo, mzee," anasema mtendaji.

"Marahaba, mwanangu. Mmewashika ng'ombe wangu kwa nini? Mimi mwenyekiti aliniambia nilishe pale."

"Alikuandikia?"

"Aliniambia kwa mdomo, mbele ya watu msikitini."

"Mzee wangu, hata angeandika, uwanja ule si wake. Ni wa manispaa."

Mama anaingilia kati, "Na mchicha wangu je? Wateja wangu wa kesho nitawaambia nini?"

Mtendaji anamgeukia. "Nawe mama, nani alikuruhusu kulima chini ya nyaya?"

Mama ananyamaza.

Hapa tusimame kidogo. Watu wawili wanagombana, na wote wawili wako juu ya ardhi ya mwingine bila karatasi. Hali hii ni ya kawaida sana Dar es Salaam, na ndiyo sababu migogoro hii haishi. Hata hivyo makosa yao hayafutani. Mama kulima bila ruhusa hakumpi mzee haki ya kulisha ng'ombe mchicha. Ila mama akidai fidia ataulizwa naye habari ya eneo lake, na madai yake yatakuwa magumu kuliko ya mtu aliyelima shambani kwake.

Sasa mgogoro huu una njia mbili, na ni lazima kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni ya jinai. Halmashauri inasema mzee amevunja sheria ndogo kwa kulisha mifugo mahali palipokatazwa. Akikiri, sheria ndogo nyingi zinaruhusu alipe kiasi kilichowekwa bila kupelekwa mahakamani. Huko ndiko kunaitwa kufifilisha kosa. Asipokiri, hakuna mgambo wala mtendaji mwenye mamlaka ya kumhukumu. Apelekwe mbele ya hakimu. Ibara ya 107A ya Katiba imeipa Mahakama kauli ya mwisho katika kutoa haki, haikuipa ofisi ya kata.

Njia ya pili ni ya madai. Hii ni ya mama. Faini anayolipa mzee inakwenda halmashauri, haiingii mkononi mwa mama hata senti. Wengi hawalijui jambo hili. Wanaona mzee amelipa, wanadhani mambo yamekwisha, kisha mama anabaki na matuta matupu na chuki. Akitaka fidia lazima adai fidia. Amwite bwana shamba siku hiyo hiyo afanye tathmini: matuta mangapi, zao gani, lilikuwa limebakiza siku ngapi kuvunwa, bei ya fungu sokoni ni kiasi gani. Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha, basi apige. Kesho yake jua litakuwa limeficha nyayo za ng'ombe, na mchicha uliobaki utakuwa umeanza kuchipua tena.

Wakati mwingine mwenye shamba hutaka mfugaji ashitakiwe kwa kuharibu mali kwa makusudi. Neno "makusudi" hapo ni zito. Mwendesha mashitaka lazima athibitishe nia. Ng'ombe walioponyoka mchungaji akinywa maji ni jambo moja. Ng'ombe walioswagwa shambani usiku ni jambo jingine kabisa.

Tuseme neno pia kuhusu wanaokamata. Ng'ombe wakikamatwa, mzee ana haki ya kuuliza wamekamatwa kwa sheria ndogo ipi. Ana haki ya kupewa orodha iliyoandikwa: idadi, rangi, alama, saa na mahali. Akilipa chochote, apewe stakabadhi ya serikali yenye namba. Akiambiwa "lipa tu, tumalizane", ajue kwamba hiyo si faini, ni rushwa, hata kama ni nafuu kuliko faini. Tena fedha ile haimlindi. Wiki ijayo atakamatwa tena na hatakuwa na cha kuonyesha. Anayewashika ng'ombe naye awape maji na majani. Ng'ombe wa maziwa asipokamuliwa kwa wakati huvimba kiwele na kuugua.

Na mama, hata akiwa na uchungu namna gani, asichukue panga kumkata ng'ombe. Kuua au kujeruhi mnyama wa mtu ni kosa la jinai. Akifanya hivyo, jioni ile ile atageuka kutoka mlalamikaji kuwa mshitakiwa. Tunalisema hili kwa sababu tunajua mambo haya yanavyoweza kufika mbali. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliishia kwa watu 38 kuuawa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Ulianza kama mingine yote, kwa mifugo na mashamba.

Je, kukaa mahali miaka mingi hakumpi mtu haki? Wazee huuliza swali hili katika kila darasa, na ni swali la haki. Jibu lake limo katika kesi tatu. Hazikutoka Dar es Salaam, lakini ziliamuliwa na Mahakama ya Rufani, ambayo maamuzi yake yanazifunga mahakama zote za nchi, hata ya Mbagala na ya Kinondoni.

Kesi ya kwanza ni ya Mulbadaw, Wilaya ya Hanang. Wanakijiji 67 pamoja na Halmashauri ya Kijiji chao walilishitaki shirika la NAFCO, lililolima ngano katika ardhi waliyoitumia kwa mashamba na malisho. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua. Sababu moja ilikuwa kwamba Halmashauri ya Kijiji haikuonyesha kuwa iligawiwa rasmi ardhi ile na mamlaka ya wilaya. Nao wanakijiji mmoja mmoja hawakuthibitisha haki zao ipasavyo. Kila mtu pale alijua wamekaa Mulbadaw. Lakini kujua si kuthibitisha.

Kesi ya pili ni ya Mkomazi, kaskazini mwa Tanzania. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Baadhi ya wafugaji waliokuwamo waliruhusiwa kubaki na mifugo yao. Miaka ikapita, mifugo ikaongezeka, ruhusa ile ikazoeleka mpaka ikaonekana kama urithi. Mwaka 1988 serikali iliwaondoa. Walikwenda Mahakama Kuu, Moshi, kisha Mahakama ya Rufani. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikukubali dai lao kwamba ardhi ile ni yao kwa asili. Hawakurudi. Tangu mwaka 2008 Mkomazi ni hifadhi ya taifa.

Mimi naona hukumu ile iliwaumiza watu waliokuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba wako kwao. Lakini mwalimu hafundishi sheria anayoitamani. Anafundisha iliyopo. Na iliyopo inasema kwamba ruhusa ya kulisha si sawa na kumiliki. Aliyekupa ruhusa anaweza kuiondoa.

Kesi ya tatu inatia moyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika shauri lililotoka Mkoa wa Arusha kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Basi mila haikutupwa. Anayeweza kuithibitisha, kwa mashahidi na mipaka inayojulikana, analindwa. Uwanja wa shule wa mtaani Temeke si ardhi ya kimila ya mtu, na haki hii haifiki huko. Lakini mzee ambaye shamba lake la tangu enzi za kijiji limeingizwa katika ramani ya viwanja anayo hoja, na aipeleke.

Aipeleke wapi? Aanze Baraza la Kata. Zamani baraza hili liliamua kesi za ardhi. Tangu mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua. Kazi yake ni kusuluhisha. Suluhu ikishindikana, shauri la ardhi linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka hapo rufaa inakwenda Mahakama Kuu. Lakini kama anayelalamikiwa ni halmashauri yenyewe, njia ni ndefu zaidi. Tangu mwaka 2020 ni lazima kwanza kutoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe katika kesi, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Mtu asiende huko bila kumwona mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria.

Turudi kwa mzee wetu na ng'ombe wake sita. Afanye nini kesho?

Kwanza ajue idadi. Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992 ziliweka kikomo cha ng'ombe wanne kwa mfugaji, tena wafugwe ndani ya banda. Halmashauri zimetunga sheria ndogo zao, basi aende kwa afisa mifugo wa kata aulize kiwango cha sasa cha mahali pake. Asisikilize cha jirani.

Pili, aombe majani badala ya kuomba malisho. Tofauti ni kubwa. Ng'ombe akiingia uwanjani anakanyaga, anaacha kinyesi, anatoka njiani. Mtu akiingia na mundu anakata, anafunga mzigo, anaondoka. Mwalimu mkuu ambaye hawezi kuruhusu ng'ombe anaweza kufurahi akikatiwa nyasi bure. Na mzee akipanda mabingobingo nyuma ya nyumba, akanunua pumba na mashudu kidogo, ng'ombe wachache watatoa maziwa mengi kuliko sita wanaozurura juani. Ni kweli gharama inaongezeka. Mjukuu naye anapata nafasi ya kwenda shule mchana, jambo ambalo sisi wa idara ya elimu hatuwezi kuacha kulitaja.

Tatu, ombi liwe la maandishi. Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Soma barua hii, kisha iandike upya kwa mkono wako, ukijaza mahali palipoachwa wazi:

S.L.P. ............
Mtaa wa ............
Tarehe ............

Mkurugenzi,
Halmashauri ya Manispaa ya ............

Kupitia kwa Mtendaji wa Kata ya ............

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUKATA MAJANI ENEO LA ............

Mimi ni mfugaji wa mtaa huu. Nina ng'ombe ............ ninaowafuga ndani. Naomba ruhusa ya kukata majani kwa mundu katika eneo lililotajwa hapo juu, kuanzia mwezi wa ............ hadi mwezi wa ............ Sitaingiza mifugo katika eneo hilo, wala sitachoma nyasi. Nitaondoka mara moja eneo likihitajiwa kwa kazi nyingine.

Naomba jibu kwa maandishi.

Wako,
(sahihi na jina)

Andika nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Ukijibiwa ndiyo, angalia karatasi inataja eneo gani na mpaka lini. Ukijibiwa hapana, usiingie. Usipojibiwa, hujaruhusiwa.

Maswali ya darasa

1. Katika mtaa au kijiji chenu, taja maeneo matatu wanapolishwa ng'ombe. Nani msimamizi wa kila eneo?

2. Mzee katika mfano wetu alipewa ruhusa msikitini mbele ya mashahidi. Kwa nini ruhusa hiyo haikumsaidia?

3. Faini aliyolipa mzee ni shilingi ngapi kwa mama? Mama afanye nini ili alipwe?

4. Wagawanyike wanakisomo wawili wawili. Mmoja awe mzee, mwingine awe mama mwenye mchicha. Zungumzeni mbele ya Baraza la Kata mpaka mpatane kiasi cha fidia, kisha andikeni mapatano yenu, mweke sahihi, na mashahidi wawili waweke zao.